Kupima Nyota kwa Kamera ya Harusi: Mwongozo Kamili wa Fotometria, Kutoka Ufukwe wa Mikindani Hadi Pembezoni mwa Njia Nyeupe

Kamera ninayopimia nyota ndiyo ileile inayoniletea ugali. Jumamosi inapiga harusi Mtwara mjini, na msimu wa jando ukifika inapiga watoto wakitoka jandoni. Usiku usio na mwezi naipakia kwenye begi, napanda bodaboda hadi Mikindani, naisimamisha juu ya tripodi mchangani.

Mara ya kwanza mjomba wangu, mvuvi, alinikuta pale akielekea kwenye ngalawa yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Leo harusi ya nani huku gizani?"

"Napiga Kilimia, mjomba."

Akatazama juu, akakiona kile kishada kidogo cha nyota, akasema wanachosema wazee wote wa pwani: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Kisha akaniuliza swali lililonifanya niandike mwongozo huu: "Sasa hizo nyota zake, zote zina umri mmoja?"

Ndiyo, mjomba, zina umri mmoja, na ukiwa na kamera unaweza kuonyesha hivyo bila kumtegemea mtu. Watu wengi wanaotaka kujifunza jamii za nyota huanzia mwisho: wanapakua jedwali la mamilioni ya nyota, wanachora mchoro mzuri, na hawajui hata namba moja ndani yake ilipatikanaje. Mimi nakushauri upime kwanza nyota kumi kwa mkono wako. Ukishafanya hivyo, jedwali la mamilioni utalisoma kama mtu anayesoma barua ya ndugu yake.

Tunapima nini hasa

Fotometria ni kupima kiasi cha mwanga unaotufikia kutoka kwenye nyota. Kipimo chake ni magnitudi, nacho kinakwenda kinyume: namba ikiwa ndogo, nyota inang'aa zaidi. Ni urithi wa Wagiriki wa kale, waliozipanga nyota daraja la kwanza hadi la sita kwa macho tu. Mwaka 1856 Norman Pogson aliufunga utaratibu huo kwa hesabu: tofauti ya magnitudi 5 ni sawa na mwanga mara 100, kwa hiyo magnitudi 1 ni mara 2.512. Kanuni yenyewe ni fupi: magnitudi ni −2.5 mara logi ya kiasi cha mwanga, kisha unaongeza namba ya kusawazisha ambayo tutaitafuta baadaye.

Mng'ao peke yake hautoshi. Nyota inaweza kuonekana hafifu kwa sababu ni ndogo, au kwa sababu iko mbali. Kinachofungua mlango ni rangi. Mhunzi hahitaji kipimajoto: chuma kikiwa chekundu anajua joto halijafika, kikielekea weupe anajua kimeiva. Nyota ni hivyohivyo. Ukipima nyota moja kupitia filta ya bluu (huitwa B) na tena kupitia filta ya kijani-njano (huitwa V), ukatoa moja kwa nyingine, unapata B−V, yaani rangi kwa namba. Nyota ya bluu ina B−V karibu na sifuri au chini yake. Jua letu lina 0.65, na uso wake una joto la kelvini 5,772. Nyota nyekundu inapita 1.5. Mfumo huo wa filta U, B na V ni wa Harold Johnson na William Morgan, wa mwaka 1953, na bado tunautumia.

Weka mng'ao halisi upande mmoja na rangi upande mwingine, na hapo unapata mchoro ambao Ejnar Hertzsprung na Henry Norris Russell waliufikia kila mmoja kwa njia yake mnamo 1911 na 1913. Mwongozo wote huu unakwenda kwenye mchoro huo.

Usiku gani, na usimame wapi

Kwetu kiangazi cha kusi, Mei hadi Oktoba, ndicho msimu wa kazi. Mvua zikishaanza, hata usiku unaoonekana mweupe huwa na utando wa mawingu membamba yanayoiba mwanga kimyakimya, na fotometria haisamehi wizi wa aina hiyo.

Kilimia hakipatani vizuri na ratiba hiyo. Kinachomoza jioni kuanzia katikati ya Novemba, wakati watu wanaandaa majembe, ndiyo maana jina lake limetoka kwenye kulima. Ukikitaka kwenye anga kavu itabidi uamke. Mwanzoni mwa Oktoba kinafika juu kabisa kama saa tisa na nusu usiku, upande wa kaskazini, nyuzi 56 juu ya upeo.

Kimo cha nyota juu ya upeo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Nyota iliyo nyuzi 30 tu juu ya upeo inaangaliwa kupitia hewa mara mbili ya ile iliyo utosini. Kwenye usawa wa bahari, penye chumvi na unyevu, hewa ya utosini peke yake inaweza kula robo ya magnitudi, na bluu inaliwa zaidi kuliko kijani. Kwa hiyo piga nyota ikiwa juu kabisa, usiifukuzie upeoni. Septemba na Oktoba ongeza tatizo la moshi wa mashamba yanayochomwa. Ukiona nyota za chini zimekuwa za rangi ya chungwa zote, rudi kulala. Kama una ndugu Newala, mpelekee zawadi ukalale kwake: kule juu ya uwanda wa Makonde hewa ni nyembamba kidogo.

Mwambie mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji kabla hujaenda. Mtu anayesimama ufukweni saa tisa usiku na mtambo wenye miguu mitatu anahitaji mtu wa kumsemea, hasa ukiwa Msimbati, karibu na mpaka.

Na umeme ukikatika, usilalamike. Walter Baade, Mjerumani aliyekuwa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, alihesabiwa kuwa raia wa nchi adui, hivyo hakupewa kazi ya kijeshi. Akabaki na darubini ya inchi 100 ya Mount Wilson wakati taa za Los Angeles chini yake zimezimwa kwa kuhofia mashambulizi. Katika giza hilo aliona nyota mojamoja katikati ya galaksi ya Andromeda, na mwaka 1944 akatangaza kwamba nyota zina jamii mbili: Jamii ya I, ambamo zile changa za bluu zinakaa kwenye mikono ya galaksi, na Jamii ya II, nyota kongwe ambazo angavu wake ni wekundu, zinakaa katikati na kwenye vishada vya duara. Somo zima la jamii za nyota limetoka kwenye mji uliozimwa taa.

Kuiandaa kamera

Lenzi ya milimita 50 inatosha. Kwenye kamera yenye sensa ndogo inashika eneo la nyuzi kama 25 kwa 17, na ndani yake Kilimia na kishada jirani kiitwacho Hyades, lile umbo la V kwenye kundinyota la Ng'ombe, vinakaa pamoja. Hiyo ni bahati kubwa, utaiona baadaye.

Piga faili za RAW. Hapa ndipo nilipoharibu usiku wangu wa kwanza wote: nilipiga JPEG, picha zikatoka nzuri za kubandika ukutani, na hazikufaa kwa lolote. JPEG inapinda mwanga ili umpendeze mtazamaji. Kwenye RAW, mwanga ukiwa mara mbili namba nayo inakuwa mara mbili. Bila uaminifu huo huna kipimo.

Zima kila kitu cha otomatiki: fokasi, weupe, usafishaji wa chembechembe. Weka ISO 400 au 800, tundu la lenzi f/4, muda wa sekunde 5. Kwa tripodi isiyozunguka, nyota za Kilimia zitasogea pikseli nne hivi kwa muda huo, na hilo halina madhara. Piga picha 40 mfululizo. Mara nyota inapepesa juu, mara chini. Wastani wa picha 40 unatuliza mtikisiko huo.

Kisha fanya jambo ambalo mpiga picha wa harusi atalikataa: zungusha fokasi kidogo hadi nyota ivimbe. Nyota kali sana inajaza pikseli zake hadi pomoni, kama ndoo chini ya bomba, na maji yanayomwagika hayahesabiki. Ukiivimbisha, mwanga unagawanyika kwenye pikseli nyingi. Kagua picha ya kwanza: kwa kamera ya biti 14 mwisho ni 16,383, na pikseli yoyote ya nyota yako ikipita 12,000 punguza muda.

Umande nao una mambo yake. Ufukweni, baada ya saa sita usiku, kioo cha lenzi kinalowa bila kukuaga. Usiku wangu wa pili nyota zote zilififia taratibu kwa muda wa nusu saa, na mimi nikadhani nimegundua jambo. Funga lenzi kwa kanga iliyokunjwa, weka kofia ya lenzi ndefu, na kila picha kumi imulike kwa tochi kutoka pembeni. Ukirudi nyumbani usiifungie kwenye begi ikiwa na unyevu. Ukungu wa lenzi ukishaota hautoki.

Picha za usafi

Hizi ni tatu, na usizikwepe.

Picha za giza: funika lenzi, piga 20 kwa ISO na muda uleule, palepale ufukweni, joto likiwa lilelile. Zinaonyesha kelele ambayo sensa inajitengenezea yenyewe. Picha za sifuri: funika lenzi tena, piga 20 kwa muda mfupi kabisa ambao kamera inaweza.

Picha za mwanga sawa zinahitaji ubunifu. Kila lenzi inaangaza katikati na kufifia pembeni, na kila chembe ya vumbi inaacha doa. Tandaza kanzu nyeupe safi mbele ya lenzi ikiwa imevutika bila mikunjo, elekeza kamera kwenye anga la alfajiri kabla jua halijatoka, piga 20 bila kugusa fokasi wala tundu la lenzi. Kamera isipoguswa tangu usiku, ndiyo zinafaa. Ikiguswa, umepiga picha za kanzu.

Kupima: mapacha wa Theta

Pakua programu za Siril na AstroImageJ, zote ni za bure. Kwenye Siril toa picha za giza, gawanya kwa picha za mwanga sawa (zilizokwisha kutolewa picha za sifuri), tenganisha rangi za sensa bila kuzichanganya, linganisha nyota, kisha unganisha picha 40 kwa wastani. Usitumie chaguo lolote la kupendezesha. Utabaki na picha mbili: ya kijani, ambayo iko karibu na filta V, na ya bluu, ambayo inakaribiana na B kwa mbali kidogo.

Kwenye AstroImageJ unaweka duara juu ya nyota, na pete ya nje kuizunguka. Programu inajumlisha mwanga wa ndani ya duara, inapima anga kwenye pete, inatoa anga hilo. Duara liwe na nusu kipenyo cha mara mbili ya upana wa nyota. Likiwa dogo unakata nyota. Likiwa kubwa unabeba kelele za anga.

Anzia kwenye Hyades, kwa nyota mbili zinazokaa bega kwa bega: Theta 1 na Theta 2 za Ng'ombe. Hata kwa macho zinaachana. Kwa lenzi ya milimita 50 ziko pikseli kama 19 kutoka moja hadi nyingine, kwa hiyo hakikisha pete ya moja haimezi mwenzake. Kosa hilo nimelifanya, na Theta 1 yangu ikatoka hafifu ajabu kwa sababu programu ilikuwa inatoa mwanga wa jirani ikidhani ni anga.

Kwa nini hizi mbili? Ziko pamoja angani, kwa hiyo hewa iliyo mbele yao ni moja, umande ni mmoja, moshi ni mmoja. Lolote linaloipunguza hii linaipunguza na ile kwa kiwango kilekile, na ukigawanya yanafutana. Tuseme kwenye picha ya kijani umepata 60,000 kwa Theta 2 na 40,000 kwa Theta 1. Uwiano ni 1.5, logi yake ni 0.176; zidisha kwa 2.5 unapata magnitudi 0.44. Katalogi zinasema Theta 2 ni 3.40 na Theta 1 ni 3.84. Umefika.

Sasa fungua picha ya bluu. Kwa filta halisi ya B uwiano unaruka hadi 3: Theta 2 ni nyeupe, B−V yake 0.18, na Theta 1 ni ya chungwa, 0.95. Kamera yako itakupa uwiano mdogo kuliko 3 kwa kuwa bluu yake inachungulia kwenye kijani, lakini kuruka utakuona. Nyota mbili za umbali mmoja na umri mmoja, moja imevimba na kupoa kwa sababu haidrojeni ya kiini chake imekwisha, nyingine bado iko karibu na ujana wake. Ile yenye masi zaidi ndiyo iliyochakaa mapema.

Kutoka namba za kamera hadi magnitudi za kweli

Tofauti kati ya nyota mbili unayo. Kupata magnitudi kamili unahitaji nyota za kusawazishia, zenye thamani zinazojulikana. Ndani ya picha hiyohiyo unazo hizi, tatu za kwanza za Kilimia na tatu za mwisho za Hyades:

Alcyone: V 2.87, B−V −0.09
Electra: V 3.70, B−V −0.11
Maia: V 3.87, B−V −0.07
Theta 2: V 3.40, B−V 0.18
Gamma ya Ng'ombe: V 3.65, B−V 0.98
Epsilon ya Ng'ombe: V 3.53, B−V 1.01

Aldebaran iache, inajaza sensa na mng'ao wake unachezacheza. Tena si mwanachama wa Hyades, imesimama tu njiani mbele yao.

Kwa kila nyota kokotoa magnitudi ya kijani ya kamera (iite v) na ya bluu (b). Kwenye karatasi ya mraba au lahajedwali, weka V ya katalogi ukitoa v upande wa wima, na b ukitoa v upande wa mlalo. Pitisha mstari ulionyooka. Mahali unapokata wima ndipo namba ya kusawazisha. Mteremko wake unakuambia filta za kamera yako zinatofautiana kiasi gani na za Johnson. Fanya vivyo hivyo kwa B−V. Sasa nyota yoyote kwenye picha, hata isiyo na jina, unaweza kuipa V na B−V.

Nyota moja ikikaa mbali na mstari, usiifute haraka. Angalia kwanza kama imejaza sensa, kama ina jirani, kama iko kwenye kona ya picha. Mara nyingi sababu utaikuta humo.

Mchoro wako wa kwanza

Umbali wa vishada unajulikana vizuri: Hyades paseki 47, Kilimia paseki 136 (paseki moja ni miakanuru 3.26). Ili kupata mng'ao halisi, unatoa magnitudi 3.36 kwa kila nyota ya Hyades na 5.67 kwa kila nyota ya Kilimia. Jua letu, ambalo mng'ao wake halisi ni 4.83, lingeonekana magnitudi 8.2 likiwa Hyades na 10.5 likiwa Kilimia, yaani hata mjomba kwa macho yake ya baharini asingeliona.

Chora vishada viwili kwa kalamu za rangi mbili. Chini, kwenye nyota hafifu, vitalala kwenye mteremko mmoja unaoitwa safu kuu, ambako nyota zinachoma haidrojeni kwenye kiini. Juu ndipo vinapoachana. Kilimia kinapanda hadi nyota za bluu kama Alcyone, mng'ao halisi −2.8. Hyades hawana hata moja ya namna hiyo. Safu yao inakatika mapema na kupinda kulia, na kando yake zimekaa nyota nne za chungwa: Gamma, Delta 1, Epsilon na Theta 1, majitu, yaani nyota zilizokwisha kuvimba.

Mahali safu inapokatika ndipo saa ya kishada ilipo. Nyota yenye masi kubwa ina mafuta mengi lakini inayachoma kwa fujo. Kanuni ya kukadiria: Jua lina miaka bilioni 10 ya safu kuu, nyota yenye masi mara mbili haifikishi bilioni 2. Kilimia kina miaka milioni 100 na ushee, Hyades milioni 650 hivi. Hilo ndilo jibu la mjomba, na limetoka kwenye kamera ya harusi.

Sasa ndipo ufungue jedwali kubwa

Chombo cha Gaia cha Shirika la Anga la Ulaya kilirushwa Desemba 2013 na kikapima hadi Januari 2025. Toleo lake la tatu, la Juni 2022, lina vyanzo karibu bilioni 1.8. Kilipima mwanga mpana uitwao G na rangi mbili, BP ya bluu na RP nyekundu. BP−RP ndiyo B−V yao, na Jua lina 0.82. Kikubwa zaidi ni paralaksi, mchezo mdogo wa nyota unaotokana na Dunia kulizunguka Jua, unaotoa umbali. Nyota kali kupita magnitudi 3 ziliisumbua Gaia, kwa hiyo Alcyone yako usiitupe.

Huhitaji bando kubwa. Nenda VizieR, huduma ya kituo cha data cha Strasbourg, fungua katalogi I/355/gaiadr3, na ujaze masharti kabla ya kupakua. RA na Dec ni anwani ya nyota angani, kama longitudo na latitudo; Gmag ni magnitudi ya G, Plx ni paralaksi, pmRA na pmDE ni mwendo wa nyota angani kwa pande mbili. Jaribu kishada cha M67: RA 132.85, Dec +11.81, nusu kipenyo nusu digrii, Gmag chini ya 18, Plx kati ya 1.0 na 1.3, pmRA kati ya −12 na −10, pmDE kati ya −4 na −2, RUWE chini ya 1.4. Masharti ya mwendo ndiyo yanayowatenga wenyeji na wapita njia: nyota za kishada husafiri pamoja kama msafara, zilizo mbele na nyuma yake zinakwenda kivyake. RUWE inaondoa vipimo vilivyolegalega.

Fungua jedwali kwenye TOPCAT, programu ya kuchora majedwali, chora Gmag dhidi ya BP−RP. Utaona ndoano safi: safu kuu inapanda, inapinda karibu na G 13.5, kisha tawi la majitu mekundu. Ni kishada cha miaka kama bilioni 4, umri unaokaribiana na wa Jua, na nyota zinazofanana na Jua ziko karibu na G 14.5. Ukitaka umri kwa namba, pakua mistari ya umri ya MIST au PARSEC, ambayo ni ya bure, na uilaze juu ya nyota zako. Kumbuka vumbi la angani: Robert Trumpler alionyesha mwaka 1930 kwamba linafifiza nyota na kuzifanya nyekundu. Rangi ikizidi kwa 0.1 katika B−V, V yenyewe imepotea 0.31.

Kuzivua nyota za halo

Nyota nyingi za jirani yetu ziko kwenye sahani ya galaksi na zinazunguka pamoja nasi. Chache ni wageni wa halo, lile wingu la nyota kongwe linaloizunguka sahani, wanaokatiza sahani kwa kasi. Tunawanasa kwa kasi hiyo. Kasi ya pembeni kwa kilomita kwa sekunde ni 4.74 mara mwendo gawanya kwa paralaksi, vyote kwa milisekunde za tao. Wanaotumia data za Gaia huweka wavu kwenye 200.

Elekeza VizieR kwenye ncha ya kusini ya galaksi, RA 12.86, Dec −27.13, ambako vumbi ni kidogo. Nusu kipenyo nyuzi 10, Gmag chini ya 17.5, Plx zaidi ya 1. Na hapa kuna ujanja wa kuokoa bando: kwa kuwa 200 gawanya kwa 4.74 ni 42.2, weka sharti PM (mwendo wote wa nyota angani) zaidi ya 42. Hakuna nyota unayoitafuta itakayopotea, na jedwali linapungua sana. Kwenye TOPCAT ongeza safu ya kasi, baki na zinazopita 200, na zile ambazo paralaksi ni zaidi ya mara kumi ya kosa lake. Mng'ao halisi ni Gmag − 10 + 5 mara logi ya Plx.

Mchoro unaotoka haufanani na wa M67. Safu kuu imesogea kushoto, kwenye bluu, kwa sababu nyota hizi zina uhaba wa metali, na kwa wanaastronomia metali ni kila elementi nzito kuliko heli. Metali hula mwanga wa bluu kwenye uso wa nyota. Zikipungua, bluu inatoka. Ukitazama vizuri utaona safu mbili zikienda sambamba. Nyota zikiwa chache, pengo halionekani, kwa hiyo panua duara au ongeza ncha ya kaskazini. Mwaka 2018 safu ya bluu ilihusishwa kwa sehemu kubwa na galaksi ndogo iliyomezwa na yetu miaka kama bilioni 10 iliyopita, ikapewa jina la Gaia-Enceladus.

Mgeni mmoja wa halo unaweza kumpiga mwenyewe. Kwenye usiku uleule wa Oktoba, ukishamaliza Kilimia, geuza kamera kusini saa kumi usiku, kabla ya mapambazuko. Nyota ya Kapteyn, RA saa 5 dakika 12, Dec −45, magnitudi 8.9, iko zaidi ya nyuzi 50 juu ya upeo na paseki 3.9 tu kutoka kwetu. Kokotoa kasi yake ya pembeni: mwendo wa milisekunde 8,670 kwa mwaka, utapata kama 160. Wavu wetu wa 200 umemkosa, kwa maana sehemu kubwa ya kasi yake iko kwenye mstari wa kututazama, ambao fotometria na mwendo wa pembeni haviuoni.

Andika tarehe kwenye jina la faili hiyo na uihifadhi mahali pawili. Kwa lenzi ya milimita 50, miaka kumi ijayo nyota hiyo itakuwa imehama karibu pikseli tano kutoka kwa majirani zake.